Haki ya Mtandao Ihesabiwe kwa Mtu

Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, umbali usiofika mita 400, yaliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Waya haukukatika popote. Kompyuta zilipoona pakiti, yaani vipande vya data, zimechelewa zilizituma upya, na kila nakala ikazidi kurefusha foleni. Dawa aliyoichapisha mtafiti Van Jacobson mwaka 1988 bado ndiyo msingi: kompyuta iongeze mwendo kidogo kidogo, na pakiti ikipotea ipunguze kwa mkupuo. Mwaka uliofuata Dah-Ming Chiu na Raj Jain walionyesha kihisabati kwamba wanaogombea njia moja, wakifuata kanuni ya namna hiyo, husogea kwenye mgawo sawa.

Sawa kwa nani? Usawa huo ni wa miunganisho, si wa watu. Tuseme majirani wawili wanagombea njia ya megabiti 10. Mmoja anapakua mhadhara kwa muunganisho mmoja. Mwenzake amewasha programu iliyofungua miunganisho 9. Kila muunganisho unapata megabiti 1, kanuni imetimia barabara, na huyo wa pili ameondoka na mafungu tisa kati ya kumi. Bob Briscoe aliishambulia hesabu hii mwaka 2007, akidai wahandisi wameigeuza dini. Alikuwa na haki ya kukasirika.

John Nagle alikuwa ameukaribia zaidi usawa wa watu tangu 1985, alipopendekeza ruta iipe kila kompyuta foleni yake na kuzihudumia kwa zamu, ili mkorofi aijaze foleni yake mwenyewe. Udhaifu ni kwamba ruta huitambua kompyuta kwa anwani yake, na siku hizi anwani moja hubeba hosteli nzima.

Kampuni za simu zitajibu kwamba vifurushi vimeshamaliza ugomvi. Havijamaliza, kwa sababu kifurushi hakijui saa. Anayepakua filamu saa tisa usiku, njia ikiwa tupu, hamuumizi mtu; anayeipakua saa mbili usiku anawabana watu wa mtaa mzima. Wote wawili wanakatwa sawasawa.

Njia ya kati imeshajaribiwa. Kampuni ya intaneti ya Comcast ya Marekani ilibainika mwaka 2007 kuwa inavuruga BitTorrent, mfumo wa kubadilishana mafaili, na Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaiamuru iache. Mfumo ambao Comcast iliuleta baadaye haukujali mtu anatumia programu gani. Njia ya kupakulia ikizidi asilimia 80 ya uwezo wake kwa dakika 15, mteja aliyekuwa akitumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi aliyolipia aliwekwa nyuma ya wengine, hadi matumizi yake yashuke chini ya asilimia 50. Faragha haikuguswa, na msongamano ulipoisha adhabu haikuhisika tena. Anayelipa zaidi apewe fungu kubwa zaidi, sina ubishi. Asilipate kwa kufungua miunganisho mingi.

Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki ilibaki kugawana njia chache zilizosalia. Nyaya zitakatika tena. Wadhibiti wetu wa mawasiliano wazidai kampuni zitangaze mapema, kwa lugha ya mteja, nani atarudishwa nyuma siku hiyo na kwa kigezo gani.