Kufuli la Kukopeshana

Makarani wawili wa duka moja, kila mmoja akiwa na nakala ya daftari mbele yake, wakikuta salio la shilingi 100, huyu akaongeza 50 na yule akapunguza 30, salio la haki ni 120; lakini kila mmoja akiandika jawabu lake bila ya habari ya mwenziwe, hesabu itabaki 150 au 70, kwa kadiri ya aliyeandika mwisho. Dhara hii ndiyo iliyowafanya wanazuoni wa kompyuta watafute kufuli, na tarehe ya kufuli hilo, kwa rai yangu, ni tarehe ya suala moja: afanyweje mwenye ufunguo aliyetoweka nao?

Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra, katika makala ya ukurasa mmoja tu, alijibu kwa mitambo mingi tatizo ambalo Dekker, wa taifa lake, alikwisha kulijibu kwa miwili. Alishurutisha kwamba mtambo ukizimika mbali na mlango usiizuie mingine. Juu ya ule uzimikao ndani hakuweka sharti. Mwaka 1974 Mmarekani Leslie Lamport akaja na hila ya duka la mikate: kila ajaye hujitwalia nambari iliyo kubwa kuliko za wote waliomtangulia, na wawili wakiangukia nambari moja, hutangulia yule mwenye jina dogo.

Hayo yote yaliwezekana madhali mitambo ilishiriki hifadhi moja. Ikitenganishwa, isiwe na kitu baina yake ila barua zipitazo katika waya, hata saa ya kuaminiwa na wote haipo. Lamport, mwaka 1978, aliufanya kila mtambo utie nambari katika barua zake na uipandishe kila upokeapo kubwa zaidi, ili maombi ya kufuli yapangike kwa taratibu moja kila mahali. Nao Ricart na Agrawala, mwaka 1981, wakazipunguza barua, hata mitambo 10 iliyohitaji 27 kwa kila zamu ikatosheka na 18. Ustadi huo ulikuwa na ila kubwa: mmoja akifa, wote husimama wakimngojea maiti.

Faraja ilitoka Stanford mwaka 1989, Cary Gray na David Cheriton walipopendekeza, kwa ajili ya nakala za mafaili, kwamba haki itolewe kwa muda, mfano wa chumba cha kupanga. Mpangaji asipokuja kuongeza muda, mwenye nyumba humpa mwingine, wala hana haja ya kujua kama yule yu hai. Nami naiona fikira hii kuwa bora kuliko zote zilizotangulia, ijapokuwa nayo ina mtego wake, kwani mtambo waweza kusinzia, muda ukapita, ukazinduka na kuandika kwa ufunguo usio wake tena.

Google, katika Chubby, huduma ya kufuli iliyoelezwa na Mike Burrows mwaka 2006, iliuziba mwanya huo kwa nambari ipandayo kila kufuli litwaliwapo upya, hata mwenye nambari ya zamani akibisha hukataliwa. Kwa kawaida mitambo 5 huilinda amana hiyo, na 3 ikiafikiana kazi huendelea. Burrows mwenyewe alikiri kwamba watumiaji wake waliipenda zaidi kwa kazi nyingine kabisa: kutafutia majina ya mitambo.