Hewa ya Eldoret na plagi nyeusi: Mambo ambayo mwenye pikipiki anafaa kujua

PIKIPIKI inayovuta vyema Mombasa huweza kusumbua ikifikishwa Eldoret, na kosa lisiwe la fundi. Jiji hilo la Uasin Gishu limeinuka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kwa tano. Kabureta iliyotengenezewa nyanda za chini hupitisha petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na injini hupoteza nguvu.

Ushahidi umo kwenye plagi. Ncha ya rangi ya kahawia ni dalili njema. Masizi makavu meusi huonyesha kuwa petroli imezidi, ingawa mara nyingi mkosaji si kabureta bali chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara za Moiben au Ziwa. Kwa hivyo mwenye chombo asikubali kabureta ifunguliwe kabla ya chujio kutazamwa. Plagi iliyolowa oili ni habari mbaya zaidi: huenda pete za pistoni zimelika.

Injini ikikataa kuwaka asubuhi ya baridi, uchunguzi uanzie kwa madogo: swichi ya kuzimia, koki ya petroli, na kitundu cha hewa katika kifuniko cha tangi, ambacho kikiziba petroli haishuki. Kisha plagi ichomolewe, irudishwe kwenye kofia ya waya wake na kugusishwa chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka, kwani mvuke wa petroli huweza kushika moto. Kiki ikipigwa, cheche ionekane. Isipoonekana, ijaribiwe plagi mpya kabla ya kununua koili.

Kuhusu oili, wengi hukosea kwa kutafuta nafuu. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, oili moja hulainisha injini, gia na klachi pamoja. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano, nazo huifanya klachi iteleze: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Chupa ifaayo huwa na alama ya JASO MA.

Breki ndizo zisizosamehe. Anayebeba abiria kutoka Iten akiteremka Tambach kuelekea Bonde la Kerio, huku ameikanyaga breki muda wote, huipasha joto hadi inakosa kushika. Gia ya chini ndiyo ifanye kazi hiyo, breki ikiguswa kwa vipindi. Nati ya breki ya nyuma hukazwa kadiri bitana zinavyolika. Mshale ulio kando ya ngoma ukifika mwisho wa alama, kukaza hakusaidii tena, na bitana zibadilishwe kabla ya safari nyingine.