Uzito wa Pua: Historia Fupi ya Ndege za Kuchezea na Waliozieleza

Nilikulia Kawempe, mtaa wa Ttula. Jirani yetu alikuwa mzee aliyetengeneza vitu vya kuchezea kwa waya na makopo: malori, baiskeli, na mara mojamoja ndege. Sisi watoto tulimwita Jjajja, ingawa hatukuwa na undugu naye. Ndege zake za makopo hazikuruka. Tulizisukuma kwa fimbo. Lakini alikuwa na moja ya mafunjo ya kinamasi cha Lubigi, yenye mabawa ya karatasi, na hiyo iliruka. Aliirusha ikapita polepole juu ya vichwa vyetu, ikatua majanini. Puani alikuwa ameizungushia waya wa shaba. Nilidhani ni pambo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza Makerere, nilinunua gazeti kuukuu la mafundi wa ndege ndogo kwa muuza vitabu vya mtumba mjini. Jalada lilikuwa limeng'oka. Ndani mlikuwa na makala iliyoahidi ndege ya kurusha kwa mkono ndani ya jioni moja. Mwandishi alitaja urefu wa kila kijiti, aina ya gundi, hata rangi ya kupaka. Mbao laini ya balsa aliyoitaja sikuipata, nikatumia mafunjo kama Jjajja. Niliirusha mara saba. Mara zote saba iliinua pua, ikasimama hewani, ikaanguka. Nilisoma makala upya mstari kwa mstari. Hakuna mahali palipoelezwa uzito wa ndege ukae wapi. Pengine wenzake wote walilijua jambo hilo, akaona halina haja ya kuandikwa. Mimi sikuwa na wenzangu wa kuwauliza.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali la insha hii: makala ya ufundi huwa nzuri kwa sababu gani? Nadai kwamba makala nzuri ni ile inayomwezesha mtu wa mbali, asiyeweza kumwuliza mwandishi, kuirudia kazi ileile na kuelewa kwa nini imeshindikana inaposhindikana. Historia ya ndege ndogo inaliunga mkono dai hili.

Tarehe 18 Agosti 1871, Mfaransa Alphonse Pénaud, kijana wa miaka 21, alirusha ndege ndogo katika bustani ya Tuileries, Paris. Ilikuwa na mabawa yasiyofika nusu mita, na propela iliyozungushwa na ukanda wa mpira uliosokotwa. Iliruka kiasi cha mita 40 kwa sekunde 11. Kama angeishia hapo, waliokuwapo bustanini wangesimulia, kisha wangesahau. Lakini Januari 1872 Pénaud aliandika makala katika gazeti la L'Aéronaute, akaeleza jinsi ndege yake ilivyojisawazisha yenyewe. Mkia aliutega kwa pembe tofauti kidogo na ile ya bawa. Pua ikiinama, mwendo huongezeka, hewa huusukuma mkia chini, na pua hurudi juu. Msomaji hakupewa vipimo tu, alipewa sababu. Pénaud alifariki mwaka 1880 akiwa na miaka 30. Sababu ile imebaki.

Mwaka 1878, huko Marekani, mchungaji Milton Wright aliwaletea wanawe Wilbur na Orville kitu cha kuchezea kilichotokana na kazi ya Pénaud: chombo cha mianzi na karatasi kilichoruka kwa nguvu ya mpira. Kilipovunjika walitengeneza vingine, kila kimoja kikubwa kuliko cha kwanza, wakaona kwamba kadiri kilivyokuwa kikubwa ndivyo kilivyoruka vibaya. Walilisimulia jambo hilo katika makala yao ya Septemba 1908 ndani ya The Century Magazine. Wakati huo walikuwa tayari wamerusha ndege yenye injini, tangu 1903, na wangeweza kusimulia ushindi peke yake. Waliliandika pia kosa lao la utotoni na somo lake: ukikiongeza chombo mara mbili kwa urefu, nguvu inayohitajika huongezeka mara nyingi zaidi.

Baadaye yalikuja magazeti ya ndege ndogo zenyewe: Model Airplane News la Marekani mwaka 1929, na Aeromodeller la Uingereza mwaka 1935. Yaliwafikishia vijana michoro ya kufuata kijiti kwa kijiti. Hiyo ni faida kubwa. Lakini mchoro unaweza pia kumficha mwandishi mvivu, kwa kuwa msomaji mwenye duka la vifaa jirani na fundi wa kumwuliza atafaulu hata kama maelezo ni mabovu. Aliye Kawempe ndiye atakayeligundua pengo.

Baada ya kuanguka mara ya saba nilikumbuka ule waya wa shaba, nikaenda Ttula kumwuliza Jjajja. Pale palipokuwa na nyumba yake palijengwa mizigo, vile vyumba vya kupanga tunavyovijua sote hapa Kampala. Mama mmoja aliniambia mzee alifariki miaka miwili nyuma, na vitu vyake vya waya viliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuacha hata karatasi moja.

Nilirudi nikazungusha waya puani, msokoto mmoja mmoja, nikiirusha baada ya kila msokoto. Kwa msokoto wa nne iliruka uwanja mzima. Kumbe pambo lilikuwa sayansi.

Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kulalamika kwamba mafundi wetu hawamo vitabuni. Ni kweli, lakini mimi niliishi hatua ishirini kutoka mlango wa fundi mmoja na sikumwuliza swali hata moja. Pénaud aliandika mwenyewe. Jjajja alihitaji mtu wa kumwandikia, na mtu huyo angeweza kuwa mimi. Hata lugha haikuwa kizuizi: Kiswahili kinamwita ndege na kuiita ndege kwa neno moja, na pua, bawa na mkia tunavyo.

Basi naandika ninachokijua, ili asiyeweza kuniuliza aweze kurudia. Bawa la mafunjo na karatasi, urefu sentimita 50, upana sentimita 9. Ishike ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, sentimita 3 kutoka ukingo wa mbele. Ikilala sawa, irushe. Mkia ukishuka, ongeza waya puani. Pua ikishuka, punguza. Njia hii ya waya niliiona kwa mzee mmoja wa Ttula, Kawempe.