Chimbuko la Neno "Fiets"

Kwa Kiholanzi baiskeli huitwa fiets, neno la silabi moja lisilofanana na jina la chombo hicho katika lugha za majirani, kwani Wajerumani husema Fahrrad, Wafaransa vélo, na Waingereza bicycle, ambalo ndilo lililozaa baiskeli ya Waswahili. Kwa sababu hiyo wanaetimolojia, yaani wataalamu wachunguzao asili ya maneno, wamelihangaikia kwa zaidi ya karne moja.

Chombo chenyewe hakikuzaliwa Uholanzi. Gari la miti la magurudumu mawili, ambalo mpandaji alilisukuma kwa kupiga miguu chini, lilibuniwa na Karl Drais huko Mannheim mwaka 1817, na pedali zilipokuja kufungwa kwenye gurudumu la mbele mjini Paris katika miaka ya 1860, lilienea kwa jina la vélocipède, lililoungwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya wepesi na mguu. Watetezi wa Kiholanzi safi walilipinga jina hilo kwa rijwiel, "gurudumu la kuendea", nalo likakaa katika maandishi rasmi na vibao vya maduka. Vinywani mwa watu, hata hivyo, lilishinda fiets, ambalo limeonekana katika maandishi ya mwaka 1886.

Simulizi ipendwayo zaidi humtaja Viets, fundi wa magari ya farasi wa Wageningen, labda kwa kuwa watu hufurahia neno lenye babu anayejulikana kwa jina. Wengine huona fiets kuwa kifupisho cha vélocipède, kwa kuwa v ya Kiholanzi hukaribia f, ingawa ts ya mwishoni haielezeki kwa urahisi. Mwaka 2012 Gunnar de Boer na Luc De Grauwe wa Ghent walielekeza macho kwenye Vize ya lahaja za Kijerumani, itokanayo na Kilatini vice, "badala ya": kama vile kinywaji cha tufaha kiitwavyo Viez kilivyokuwa badala ya divai, baiskeli ingekuwa badala ya farasi. Hapa sauti zinaafikiana bila kulazimishwa, ijapokuwa kutoka kwenye bilauri hadi kwenye tandiko ni mruko mrefu.

Fiets lilishika pia katika Kiafrikana cha Afrika Kusini, lakini katika Kiindonesia, lugha ya nchi iliyokuwa koloni la Uholanzi, husemwa sepeda, na mkia wa vélocipède ungali unasikika.