urllib.parse

urllib.parse ni moduli ya maktaba sanifu ya lugha ya programu Python. Kazi yake ni kuchanganua anwani za wavuti, yaani URL: kuzigawa katika sehemu zake, kubadilisha sehemu moja bila kuzigusa nyingine, kuziunga upya, na kusimba au kusimbua herufi zisizoruhusiwa kuandikwa wazi ndani ya anwani. Moduli hii haifungui muunganisho wowote wa intaneti. Hupokea maandishi na kurudisha maandishi. Kwenda kuuleta ukurasa wenyewe ni kazi ya moduli ndugu yake, urllib.request.

Kanuni inayoibeba moduli nzima ni ya utaratibu: anwani hugawanywa kwanza ndipo sehemu zake zisimbuliwe, na sehemu husimbwa kwanza ndipo ziunganishwe. Hitilafu nyingi za kushughulikia anwani hutokana na kuupindua utaratibu huo, au na programu mbili kuisoma anwani moja kwa namna mbili.

## Historia

Sarufi ya URL iliandikwa rasmi Desemba 1994 katika waraka RFC 1738 wa Tim Berners-Lee, Larry Masinter na Mark McCahill. Juni 1995, RFC 1808 ya Roy Fielding ilieleza anwani pungufu, yaani zile zinazotegemea anwani ya ukurasa zilimoandikwa. RFC 2396 ya Agosti 1998 iliziweka sheria hizo pamoja, na Januari 2005 nafasi yake ikachukuliwa na RFC 3986, ambayo bado ndiyo kiwango cha intaneti. Baadaye kundi la WHATWG, linalotunza viwango vya vivinjari, lilitoa kiwango chake cha URL kinachofuata jinsi vivinjari vinavyosoma anwani kwa vitendo. Viwango hivi viwili havikubaliani kila mahali.

Katika Python 2 kazi hizi zilitawanyika. Moduli urlparse iligawa anwani, urllib ilisimba herufi, na hadi toleo la 2.6 kuchambua maulizo kulikuwa ndani ya cgi, moduli ya programu za seva. Python 3.0, iliyotoka Desemba 2008, ilizikusanya zote chini ya jina urllib.parse. Umri huo unaonekana hadi leo: moduli inalenga RFC 3986, lakini imehifadhi baadhi ya tabia za nyaraka za kale ili programu za zamani zisivunjike.

## Sehemu za anwani

Kitendakazi urlsplit hugawa anwani katika sehemu tano. Chukua mfano huu:

`https://duka.example:8443/vitabu/riwaya?lugha=sw&ukurasa=2#maoni`

- Skimu (scheme): `https`. Hutangulia nukta mbili na kutaja namna ya kuufikia ukurasa.
- Mamlaka (netloc): `duka.example:8443`. Hubeba jina la seva na, ikiwapo, namba ya poti. Hutanguliwa na mikwaju miwili, ambayo mwaka 2009 Berners-Lee mwenyewe alikiri kwamba ingeweza kuachwa.
- Njia (path): `/vitabu/riwaya`.
- Ulizo (query): `lugha=sw&ukurasa=2`. Huanza baada ya alama ya kuuliza.
- Kipande (fragment): `maoni`. Huanza baada ya alama ya reli, na kivinjari hakikipeleki kwa seva.

Kitendakazi cha zamani zaidi, urlparse, hutoa sehemu sita. Ya ziada ni vigezo vinavyofuata nukta mkato mwishoni mwa njia. Kwa kuwa RFC 2396 iliruhusu vigezo hivyo katika kila hatua ya njia, si ya mwisho tu, Python 2.2 iliongeza urlsplit, ambayo huiacha njia ilivyo.

Jibu la vitendakazi hivi ni fungu la thamani zenye majina. Mamlaka yenyewe huweza kuchanganuliwa zaidi kwa sifa hostname, port, username na password. Sifa hostname hurudisha jina la seva kwa herufi ndogo na kuvua mabano ya mraba yanayozunguka anwani za IPv6. Sifa port hurudisha namba kamili, au None pasipo na poti. Haikisii 443 kwa sababu tu skimu ni https. Tangu Python 3.6, poti iliyo nje ya 0 hadi 65535 husababisha kosa la ValueError.

Anwani isiyo na mikwaju miwili huwakwaza wengi. Mtu akiandika `duka.example/vitabu` kama anavyoizoea katika kivinjari, urlsplit huyaona maandishi yote kuwa njia, na mamlaka hubaki tupu. Kivinjari humsaidia mtumiaji kwa kubahatisha; sarufi haibahatishi.

## Kubadilisha na kuunga

Fungu lililorudishwa halibadiliki. Anayetaka kubadilisha sehemu moja hutumia mbinu _replace, ambayo hutengeneza fungu jipya, kisha geturl huliunga kuwa anwani. Kwa njia hiyo skimu ya `http` hugeuzwa `https` pasipo hatari ya kuigusa `http` nyingine iliyojificha ndani ya ulizo, kosa ambalo kutafuta na kubadilisha herufi kwa kawaida hulifanya bila kuonya.

Kitendakazi urljoin hutatua anwani pungufu. Ikiwa anwani ya msingi ni `https://duka.example/vitabu/riwaya`, basi:

- `ushairi` huzaa `https://duka.example/vitabu/ushairi`
- `/ramani` huzaa `https://duka.example/ramani`
- `../picha` huzaa `https://duka.example/picha`
- `//soko.example/bei` huzaa `https://soko.example/bei`

Mkwaju wa mwisho una uzito. Msingi ukiwa `/vitabu/riwaya/`, neno `ushairi` huongezwa mwishoni. Ukiwa `/vitabu/riwaya`, neno `riwaya` huondolewa na `ushairi` huchukua mahali pake, kama faili inavyopishana na faili nyingine katika folda moja. Mstari wa nne unaonyesha kwamba urljoin si uzio: maandishi yanayotoka kwa mtumiaji yanaweza kuipeleka anwani kwenye seva nyingine kabisa. Anayeunga maandishi ya aina hiyo hulazimika kulikagua jina la seva baada ya kuunga, si kabla.

## Maulizo

Kitendakazi parse_qs hugeuza ulizo kuwa kamusi. Kila jina hupewa orodha ya thamani, kwa sababu jina moja laweza kujirudia: `lugha=sw&lugha=fr` hutoa `sw` na `fr` chini ya `lugha`. Kitendakazi parse_qsl hutoa orodha ya jozi na hulinda mpangilio wake. Thamani tupu hutupwa, isipokuwa mwanaprogramu ameagiza zihifadhiwe kwa keep_blank_values.

Hapa ndipo kanuni ya utaratibu inapodhihirika. Tuseme duka linaitwa Juma&Wanawe. Katika ulizo jina hilo huandikwa `duka=Juma%26Wanawe`, ambapo `%26` inasimama badala ya alama ya `&`. Ulizo likigawanywa kwanza, kisha thamani ikasimbuliwa, jina hutoka zima. Likisimbuliwa kwanza huwa `duka=Juma&Wanawe`; mgawanyo unaofuata huikata thamani katikati, na duka hubaki la Juma peke yake.

Kwa upande wa kuandika, urlencode hupokea kamusi au orodha ya jozi na kuunda ulizo lililosimbwa tayari: `mji` wenye thamani `Dar es Salaam` huwa `mji=Dar+es+Salaam`. Thamani ikiwa orodha, kigezo doseq huagiza kila kilichomo kiandikwe peke yake.

## Usimbaji wa asilimia

Anwani huruhusu idadi ndogo ya herufi: za Kilatini zisizo na alama za ziada, tarakimu, na alama chache. Kila kingine hugeuzwa baiti, na kila baiti huandikwa kwa alama ya asilimia na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita. Python 3 hutumia UTF-8 isipoambiwa vingine.

Kitendakazi quote husimba, unquote husimbua. Nafasi hugeuzwa `%20`. Ndugu zao quote_plus na unquote_plus hufuata desturi ya fomu za HTML, ambapo nafasi ni alama ya kujumlisha. Kwa kawaida quote huuacha mkwaju kwa kuwa hudhani inasimba njia nzima. Anayesimba hatua moja ya njia, au thamani iliyo na mkwaju ndani yake, hupaswa kuifuta ruhusa hiyo kupitia kigezo safe.

Kusimba mara mbili ni kosa la mara kwa mara. Alama ya asilimia nayo husimbwa kuwa `%25`, hivyo `Dar%20es` ikipitishwa tena katika quote huwa `Dar%2520es`.

Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama za ziada juu ya herufi, lakini kina ritifaa. Neno ng'ombe likipitia quote huwa `ng%27ombe`. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati ya kale ya pwani, hurefuka zaidi: kila herufi ya Kiarabu ni baiti mbili katika UTF-8, hivyo huchukua alama sita. Herufi mim peke yake ni `%D9%85`.

## Usalama

Nyaraka za Python zinaonya kwamba vitendakazi vya kugawa havithibitishi uhalali wa anwani. Maandishi yasiyo na maana yanaweza kugawanywa bila kosa lolote kutolewa.

Hatari ya kwanza ni kulinganisha maandishi badala ya sehemu. Programu inayokubali kila anwani inayoanza na `https://benki.example` itakubali pia `https://benki.example.mwizi.example` na `https://benki.example@mwizi.example`. Katika ya pili, kilicho kabla ya `@` ni jina la mtumiaji tu. Seva ni ya mwizi. Sifa hostname huufichua udanganyifu huo.

Hatari ya pili ni wasomaji wawili kutokubaliana. Kiwango cha WHATWG huchukulia mkwaju wa kinyume kuwa sawa na mkwaju wa kawaida katika skimu za wavuti; urllib.parse haifanyi hivyo. Kwa hiyo `https://mwizi.example\@benki.example/` ni seva ya benki kwa Python, na ni seva ya mwizi kwa kivinjari. Mlinzi aliyekagua kwa jicho la kwanza huwa amefungua mlango kwa jicho la pili. Mwaka 2017 mtafiti Orange Tsai alionyesha katika mkutano wa Black Hat nchini Marekani jinsi tofauti za aina hii kati ya maktaba mbalimbali zinavyotumika kuilazimisha seva itume maombi isikokusudiwa.

Moduli yenyewe imerekebishwa mara kadhaa kwa sababu hizo. Mwaka 2019 iliongezewa ukaguzi wa herufi za Unicode ambazo zikisawazishwa hugeuka alama za kugawa anwani. Mwaka 2021 parse_qs iliacha kuiona nukta mkato kuwa kitenganishi sambamba na `&`: hifadhi za muda zilizotangulia seva zilitambua `&` peke yake, na mshambuliaji aliweza kupitisha kigezo ambacho hifadhi haikukiona ilhali Python ilikisoma. Kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2023-24329 iliruhusu anwani iliyoanza na nafasi kuikwepa orodha ya anwani zilizozuiwa.

## Mipaka

Moduli haijui jina la kikoa lililosajiliwa linaanzia wapi. Katika jina linaloishia `co.tz`, `go.tz` au `or.ke`, mwenye kikoa husajili hatua ya tatu kutoka mwisho. Katika linaloishia `com`, ya pili. Nukta zenyewe hazisemi hilo. Maktaba zinazohitaji kujua, kama tldextract, hutegemea orodha ya viambishi vya umma iliyoanzishwa na Mozilla.

## Katika lugha nyingine

JavaScript ina URL na URLSearchParams, zinazofuata kiwango cha WHATWG. Go ina net/url, ambayo nayo katika toleo la 1.17 la mwaka 2021 iliacha kuikubali nukta mkato kuwa kitenganishi. Java inajulikana kwa somo la aina yake: mbinu equals ya java.net.URL huweza kuuliza mtandaoni namba za seva ili kuamua kama anwani mbili ni sawa, jambo linaloweza kuikawiza programu na kuyafanya majina mawili ya seva moja yahesabiwe kuwa kitu kimoja. Java 1.4 ilileta java.net.URI, ambayo hulinganisha bila kwenda mtandaoni.

Maktaba hizi hazisimbi kwa mkono mmoja. encodeURIComponent ya JavaScript huiacha ritifaa ilivyo na kuandika `ng'ombe`, wakati quote ya Python huandika `ng%27ombe`. Programu inayolinganisha thamani hizo kama zilivyoandikwa itahesabu maneno mawili. Inayoligawa ulizo kwanza kisha kuisimbua kila thamani itahesabu moja.