Maficho Yaliyo Chini ya Ziwa Huron

Nianze na kero ya tafsiri. Mnyama yule wa misitu ya Marekani, mwenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, hana jina la kwake kwa Kiswahili. Watafsiri humwita kulungu, wengine paa, wakati hao wetu wako upande wa swala na pembe zao hazidondoki. Biblia inamwita ayala, neno ambalo nje ya Zaburi wengi hatujawahi kulisikia. Basi nitalichukua hilo. Jamaa yake wa nchi za baridi, caribou, nitamwachia jina lake, ingawa kila nikiliandika naona kama namkaribisha mtu ndani.

Huyo caribou ndiye mwenye kisa. Mwaka 2009 John O'Shea na Guy Meadows wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha habari za walichokikuta chini ya Ziwa Huron, kati ya Michigan na Ontario ya Kanada. Kuna mgongo wa mwamba uliozama, unaoanzia karibu na mji wa Alpena na kuvuka kwenda upande wa Kanada, kama kilomita 160. Miaka 9,000 iliyopita maji yalikuwa chini sana na mgongo huo ulikuwa nchi kavu, ukanda mwembamba wenye maji kushoto na kulia. Caribou wanaohama walipitia humo. Na humo watu walipanga mawe.

Mpangilio ulio kamili zaidi ulitangazwa mwaka 2014. Uko mita 37 chini ya maji. Mistari miwili ya mawe inakwenda sambamba, urefu wa mita 30, upana wa mita 8, na mwisho wake inaishia kwenye mawe ya asili yanayofunga njia. Ndani ya mistari hiyo kuna maficho matatu ya duara, ambamo mwindaji alikaa akisubiri. Vipande vya mawe yaliyochongwa, mabaki ya kazi ya kunoa silaha, vilikuwa bado vimelala hapo hapo.

Niliposoma mara ya kwanza nilijiuliza, mstari wa mawe utamzuia nini mnyama mwenye miguu mirefu vile? Si angeruka tu? Kumbe caribou ana tabia ya kufuata mstari anaoukuta ardhini badala ya kuukata. Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada waliijua tabia hiyo vizuri: walisimamisha safu za mawe, wakayapa mengine umbo la mtu, mnyama akajielekeza mwenyewe mpaka penye watu waliojificha.

Ila kinachonivutia zaidi ni kwamba mawe yale yalikuwa hapo siku zote. Mwindaji wa Michigan wa leo angeyaonea wivu. Yeye ana hema dogo la kitambaa, linafunguka kama mwavuli, na shida yake ndiyo hiyo. Ayala mwenye mkia mweupe anakijua kila kichaka cha mtaa wake. Ukilisimamisha hema usiku, alfajiri anasimama mbali, anapiga mguu chini, anakoroma kwa pua, anainua mkia na kwaheri. Kwa hiyo wajuzi huliweka wiki kadhaa kabla ya msimu, wakalivika matawi na nyasi za pale pale, wakaliegemeza kwenye miti lisikae kama kibanda cha M-Pesa katikati ya uwanja. Ndani wanavaa nyeusi na kufunga madirisha ya nyuma, maana mwanga ukipita mgongoni, kila mkono unaoinuka unaonekana. Na upepo utoke kwa mnyama uje kwao. Rangi haina uzito huo: ayala hatofautishi rangi ya machungwa na kijani, ndiyo maana wawindaji wanaweza kuvaa vizibao vya rangi hiyo ili wao kwa wao wasipigane risasi.

Turudi ziwani. Njia ile ya mita 30 imeelekezwa kwa wanyama wa majira ya kuchipua, na ilihitaji kundi la watu kuiendesha. Maficho mengine ya hapo, yenye umbo la V, yanatazama wanyama wa vuli, na yangetosha familia moja. Yaani watu hawa walikuwa na kalenda, walijua lini wakutane na lini watawanyike. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba vipande viwili vidogo vya mawe meusi ya volkano vilivyopatikana humo vilitoka Oregon, zaidi ya kilomita 4,000.

Daftari langu la Historia la sekondari lilimaliza habari za watu kama hawa kwa mstari mmoja: waliwinda, walikusanya matunda, walitangatanga. Niliukariri, nikapata vema yangu. Sikuuona ubaya wake mpaka nilipoanza kusoma habari za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 waliwakuta, mwishoni mwa kiangazi, wakijenga maficho karibu na maji na kukesha humo wakiwaotea wanyama kwa mishale. Kazi ileile ya Huron. Lakini nao waliambiwa wanatangatanga, na anayetangatanga ni rahisi kumwambia hana kwake. Miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakalisha vijijini. Wakulima na wafugaji wakazidi kuingia.

Maficho ya matawi hayakai. Mvua chache tu na hapaonekani kitu, hata mtu akitaka ushahidi. Mawe ya Huron yaliokolewa na ziwa lililopanda likayafunika, plau na barabara zisiyafikie. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya sehemu ya ardhi yao. Nje ya mipaka ya hati hiyo, maji waliyokuwa wakiyakeshea yananywewa pia na ng'ombe wa watu wengine, na wanyama wa porini wanafika wachache.