Kugeuza gari la 4×2 kuwa la 4×4

Ni kazi ya ufundi inayoyawezesha magurudumu ya mbele, ambayo awali yalikuwa ya kukatia kona tu, yapokee pia nguvu ya injini. Nyuma ya giaboksi hufungwa giaboksi ndogo ya kugawa nguvu. Kutoka hapo propela moja huenda difu ya nyuma, nyingine difu ya mbele. Ugumu wenyewe uko kwenye ekseli ya mbele: ncha zake zinahitaji viungo vinavyoliwezesha gurudumu kuvuta huku likikata kona. Uwiano wa meno ya difu zote mbili sharti ulingane. Usipolingana, propela hukazana na meno huweza kukatika, hasa kwenye lami kavu.

Nchini Marekani, Marmon-Herrington, kampuni iliyoanzishwa Indianapolis mwaka 1931, ilipata sifa kwa kugeuza malori ya Ford. NAPCO ya Minneapolis iliuza seti za kugeuzia pikapu za Chevrolet na GMC. Mwaka 1957 Chevrolet ikaanza kuzifunga kiwandani.

Kwa kawaida gari lililogeuzwa huinuka, hivyo breki na stelingi zikaguliwe upya kabla halijaingia barabarani.